Fasi ya Mama Kule Kakoba

Mbarara, 9 Februari 2024

Mama mupenzi,

Bwana asifiwe. Unaamukaje? Kifua kimepoa? Mimi niko muzima, kazi ya kushona ni mingi.

Tangu daktari aseme macho yako hayatarudi, situlii nikifikiri uko peke yako kule kambini na moto wa jikoni. Ukuje tukae wote. Chumba changu hapa Kakoba ni kimoja, lakini nimekipanga upya. Kitanda nimekisukuma ku dirisha, ili asubuhi jua likuguse uso ujue kumekucha. Toka kitandani mpaka mlangoni hakuna kitu chini: unafuata ukuta kwa mukono wa kuume tu. Sufuria nimezipandisha ku rafu, nguo zako zitakaa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Mashini ya kushona nimeitoa nje, barazani; nitashonea kule kazini. Ni fasi ya watu wawili kabisa.

Sema ndiyo.

Binti yako,
Yvette

Nakivale, Rubondo, 25 Februari 2024

Mwanangu Yvette,

Amani ikae nawe. Kifua kimeniachilia. Anayeniandikia ni jirani yangu Mukandayisenga, anakusalimia sana.

Alinisomea barua yako, nikamwambia arudie. Halafu nikasinzia hapo hapo juani, nikaota niko chumbani mwako. Nilishika ukuta, wa baridi kama maji ya mtoni, nikaufuata, nao haukuisha. Upande wa pili nikasikia ng'ombe zetu za kule nyumbani Minembwe zikipumua. Sikuogopa.

Nitakuja nikishike hicho chumba kwanza. Lakini niambie: yule Patrice uliyekuwa unamutaja kila barua, siku hizi yuko wapi?

Mama yako,
Adélaïde

Mbarara, 11 Machi 2024

Mama,

Salamu nyingi, na Mukandayisenga pia umusalimie. Patrice yuko, hana neno. Tumekubaliana tungoje kidogo na harusi, usimufikirie. Panda gari la asubuhi, Ijumaa ya kwanza Pasaka ikiisha. Nitakupokea ku stendi mimi mwenyewe.

Yvette wako

Nakivale, Rubondo, 20 Aprili 2024

Mwanangu,

Nilifika salama, nimelala vizuri. Wewe je? Najua ulilia nilipopanda gari kurudi. Acha nikuambie sasa.

Chumba chako kilinipenda. Sikujigonga hata kidole. Lakini ulipokwenda kazini nilikishika chote, polepole, kama mtu anayeshika uso wa mtoto. Nikatafuta fasi yako, sikuipata. Nguo zako zimo ndani ya gunia. Mukeka wako umekunjwa nyuma ya mlango. Mashini inakula vumbi nje.

Na ile jioni nikasikia mwanaume pale mlangoni akiuliza kwa sauti ya chini, "Tungoje mpaka lini?" Ukajibu, "Mpaka Mama..." Hukumaliza. Nilimaliza mimi kitandani.

Sikukasirika, mwanangu. Ila siwezi kukaa ndani ya nyumba inayongoja nife. Panga tena. Anza na kitanda chako na cha mume wako. Fasi itakayobaki, hata ya kukunja miguu, hiyo ndiyo yangu. Isipobaki, niko hapa, na Mukandayisenga ananiamusha kila siku.

Mama yako anayekupenda

Mbarara, 3 Septemba 2024

Mama wangu,

Bwana asifiwe. Unisamehe kunyamaza. Kila nikishika kalamu, nilikuwa naiweka tena. Mwishowe nilimusomea Patrice barua yako. Akatoka nje. Nikafikiri amekwenda kabisa.

Kumbe alikuwa anatafuta nyumba. Tumepata vyumba viwili kule Ruti. Cha mbele ni chetu, na mashini iko ndani, penye mwanga. Siku ya kwanza Patrice alijifunga macho na kitambaa changu, akatembea toka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Akajikwaa ku kizingiti, akaanguka, nikacheka mpaka machozi. Kesho yake akaleta saruji akakisawazisha.

Jumapili atakuja huko na baba yake mudogo, Sebagabo, kukuomba anioe. Mimi sitakuwepo, ndiyo desturi. Ukikataa nitasikia. Ukikubali, urudi nao.

Chumba cha nyuma hatujaweka kitu. Patrice anasema utasimama katikati, usikilize, halafu utatuambia kitanda kikae ukuta gani. Jana jioni tuliingia mule tukakaa sakafuni, sisi wawili. Dirisha lilikuwa wazi, na nyumba yote ilikuwa inapumua taratibu, kama mutu anayekaribia kusema.

Binti yako,
Yvette