Amri ya Kutowasha Moto Katika Tembe ya Babu

Alhamisi. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia hadi kwenye mtungi wa maji. Sina hamu ya kula wala ya kusema na mtu. Nina hasira tu.

Leo paa la tembe ya babu limeanguka upande wa mashariki.

Babu aliijenga hapa Ipagala enzi za misafara, ndefu, ya kulaza wapagazi na mizigo yao. Tembe nyingine za wakati ule zimekwisha, boriti zake zimekuwa kuni za wajenzi wa reli. Yetu ilibaki kwa sababu mama alikaa humo akaitunza. Kila mwaka kabla ya mvua alipanda juu ya paa kukandika udongo mpya, na moto wake haukuzimika. Mama ni Mgogo. Kwao kila mtu anajua kuwa moshi ndio unaozuia mchwa wasile boriti.

Basi mwaka jana akaja Bwana Mkubwa wa boma. Akaizunguka, akaipima, akaichora. Akaipenda! Akasema ni nyumba ya kale, lazima ihifadhiwe. Tukafurahi kama wajinga. Halafu amri ikashuka: watu watoke, na moto usiwashwe tena, maana masizi yanachafua kuta. Ndani wakapaka chokaa, mlangoni wakaweka askari.

Ati mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni kaja, mwenyeji kahamia kwangu mimi bintiye.

Mama alikwenda kwa akida kumweleza. "Akida wangu, nyumba isiyo na moto huliwa na mchwa."

Akida akacheka. "Mama, umepewa heshima na Serikali, nawe unalalamika? Nenda kapumzike."

Haikupita miezi mingi nikaona njia za mchwa zikipanda ukutani, juu ya chokaa ile nyeupe. Nilimwonyesha askari. Akaniambia hana amri yoyote kuhusu mchwa.

Na leo paa limeanguka. Bwana Mkubwa akaja, akapiga boriti teke, ikamwagika unga. Akasema, akida akitafsiri, kwamba watu wa huku hatujui kujenga, na kesho asubuhi tembe yote ibomolewe isije ikaua mtu.

Hatujui kujenga! Nyumba imesimama tangu mama hajaolewa!

Mama akauliza jambo moja tu. "Kwa hiyo sasa si ya kuhifadhiwa tena?"

"Si tena," akasema akida.

"Basi naweza kuwasha moto."

Wakatazamana. Wakaondoka pamoja na yule askari wao wa mlangoni.

Alasiri hii mama amebeba chungu chake akaingia upande uliosalia. Kutoka hapa nilipokaa nauona moshi ukipenya kwenye paa, na namsikia akikohoa na kufagia vifusi. Nimemwita mara mbili. Amesema yuko nyumbani kwake, anayemtaka amfuate.

Namwogopea sana. Wabomoaji wakija atakataa kutoka, namjua, na kiboko cha boma hakichagui mzee. Nimekaa nikijiuliza, nikamvute kwa nguvu? Nimwangukie akida miguuni, yule yule aliyemcheka?

Hapana. Nimechoka kuomba.

Naweka kalamu chini. Nachukua mkeka na unga, nakwenda kumsongea mama ugali. Asubuhi watatukuta wawili.