Eti Ni Usafi

Ijumaa, Mwika

Eti "usafi mdogo wa msimbo". Ndivyo msimamizi wa kerneli, ile programu kiini ya mfumo wa kompyuta, alivyokiita kiraka changu cha kuziba tundu la usalama leo alipokipokea. Usafi? Nilimweleza wazi kwamba bila kiraka hicho programu yoyote inaweza kuvuka eneo lake la kumbukumbu, ikaingia kwenye moyo wa mfumo, na kompyuta nzima ikawa yake. Akanijibu kwamba hataki kutisha watu.

Sasa nani atasasisha haraka kwa ajili ya usafi? Kompyuta za hospitali ninakofanya kazi, pale Moshi mjini, nimeziziba mwenyewe. Za wengine je? Wezi wa mitandaoni wakikisoma kiraka wataona kinaziba nini. Wenye kompyuta ndio hawatajua, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jioni Mama aliona nimeacha machalari, ndizi zangu za nyama, yanapoa, akauliza nani kaniudhi. Nikamwambia kuna mtu nilimpa masale, mimea yetu ya kuwekea mipaka, awagawie majirani, wapande mipakani kabla hawajaporwa mashamba. Kawagawia kweli, ila kawaambia ni maua.

Mama akaweka upawa chini.

"Maua? Basi watapanda wakipata nafasi."