Mnara Unaoangushwa kwa Makofi

Jumatatu, 3 Juni

Kichefuchefu. Mnara wetu, ule wa nyumba za serikali, utaangushwa kwa baruti Jumapili — na wamealika wageni! Mahema, muziki, soda baridi. Ofisa wa mradi wa kuboresha mji anasema sisi tuliohamishwa tutakaa viti vya nyuma. Eti tusivute vumbi. Ana huruma kweli! Ndiye aliyetutupa mimi na mama kwenye chumba chenye ukungu hadi darini, huko ambako hata basi linaona uvivu kufika.

Jumatano, 5 Juni

Mshereheshaji kapatikana. Nani? Kaka yangu! Kazaliwa mle mle. Nikamuuliza, huoni haya? Akacheka: kazi ni kazi, dada, na kifo cha wengi harusi. Mfyuu! Methali anazo, aibu hana.

Ijumaa, 7 Juni

Ofisa kaja na mpiga picha. Anataka mama abonyeze kitufe cha kulipua, kwa kuwa ndiye mpangaji wa zamani kuliko wote. Nikaziba mlango: katafute bibi mwingine wa kuchezea. Mama akanisukuma kwa kiwiko.

"Nitabonyeza."

Walipoondoka nikamlipukia. Aliniacha mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akasema, "Baba yenu tulimshusha kwa shuka, lifti imekufa. Akakata roho ngazini, kichwa mapajani mwangu. Niulilie mnara ule?"

Nimempigia pasi gauni. Bado inanichefua — ila sasa sijui nimtapikie nani.

Jumapili, 9 Juni

Naandika hapa hapa, kwenye kiti changu cha nyuma, daftari magotini. Waheshimiwa na miwani yao myeusi. Kaka kavaa suti inayong'aa kama mende. Akahesabu kurudi nyuma, watu wakiitikia. Tatu! Mbili! Moja! Mama akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena, kwa gumba, kwa nguvu zake zote. Ofisa akamwinamia, kipaza sauti kikanasa kila neno: bibi, hicho ni cha picha tu, chenyewe anacho fundi kule nyuma. Watu wakaangua kicheko. Walicheka! Mpaka majirani zetu wa zamani!

Mama akashuka jukwaani. Akainama, akapita chini ya kamba nyekundu, akaelekea mnarani, akasimama katikati ya uwanja mtupu. Fundi kainua bendera: mtu akiwa ndani ya kamba, hakuna kulipua.

"Nileteeni chenyewe!"

Ofisa anatukana kwenye simu. Waheshimiwa wanatazama saa. Kaka kanijia mbio, jasho linamtiririka. "Dada, kamtoe mama, tafadhali."

"Kamtoe wewe. Una kipaza sauti."

Kakiangalia. Kakizima. Hasogei.

Jua kali. Mama ananipungia mkono, anaonyesha ishara ya kukaa — miguu yake hiyo. Anataka kiti.

Nambebea hiki hiki.