Marehemu wa Kila Jumapili

Montreal, 3 Juni

Shangazi Gitl mpendwa,

Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Huku sote wazima, nami bado natembeza wageni kwa miguu mitaa yetu ya zamani.

Shangazi, nimekosa. Kila Jumapili, tukishapita lile sinagogi lililogeuzwa nyumba za kupanga, nasimama mbele ya duka lako la matango ya siki. Siku hizi wananyoa mbwa humo. Nawaambia, "Hapa ndipo marehemu shangazi yangu alipouza matango." Mara ya kwanza ulimi uliteleza tu. Lakini mama mmoja akalia! Ukiwa hai, Shangazi, wanatazama simu. Basi nikaendelea kukuua.

Majuzi kumbe alikuwemo Pesia, mjukuu wa kaka yako wa Toronto, mjamzito. Sikumtambua. Sasa amejifungua binti. Kamwita Gitl, akidhani umekufa kweli.

Nisamehe.

Mwanao,
Lazer

Miami, 12 Juni

Lazer,

Kwa mtu aliyekufa, sijambo. Usiharakishe msamaha. Angalau uliwaambia matango yalikuwa matamu?

Ila hili la mtoto si mchezo. Kwetu Wayahudi mtoto hapewi jina la jamaa aliye hai, malaika wa mauti asije akabisha hodi mlango usio wake. Mimi nimeshazeeka, namwogopea yule mdogo. Nenda ukamwambie Pesia, kwa mdomo wako.

Shangazi yako,
Gitl (mzima)

Montreal, 25 Juni

Shangazi mpendwa,

Poleni na joto. Nimekwenda, nimesema yote. Mume wa Pesia akaniuliza, "Ami, una wazimu?" Mama mkwe akasema, "Mpeni supu, kisha mfukuzeni." Supu ilikuwa nzuri.

Pesia analia, jina ameshalipenda. Wanangoja neno lako.

Jumapili niliwaambia wageni u hai. Mmoja kauliza kama unaweza kumtumia matango.

Mwanao,
Lazer

Miami, 6 Julai

Lazer mwanangu,

Salamu kwenu nyote, hasa kichanga. Asibadilishwe jina!

Unakumbuka baba yako alipougua, wazee walivyompa jina jingine sinagogini, malaika akija asimpate? Nikamwendea rabi wetu: "Miye si mgonjwa, ila nimeuawa mara nyingi. Nipe jina jipya." Alicheka mpaka akakaa chini. Jumamosi wakanitangaza mbele ya watu, tukala keki. Jina jipya maana yake ni uhai. La zamani namwachia mtoto, bado lina nguvu.

Nakuja Agosti. Pale dukani nitasema mimi, wewe unyamaze.

Gitl bado amekukasirikia sana. Mimi nimekusamehe.

Shangazi yako,
Khaya