Picha Isikatike

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimerudi shule, nimeosha vyombo, nimemsalimia Nyanya kwenye tableti. Ameitikia, ingawa kwao ni usiku sana. Picha ya chumba chake kule nyumbani Lugari hukaa wazi sebuleni kwetu hapa ughaibuni, Germantown, mchana kutwa na usiku kucha. Haifungwi.

Leo kampuni ya intaneti imetuma ujumbe. Ruta yetu, kile kisanduku cha intaneti, itawekewa programu mpya Jumapili. Itajizima na kujiwasha yenyewe. Tukitaka, tuiweke wenyewe mapema.

Nimeusoma mara tatu.

Jumanne, 7 Oktoba

Niandike sababu. Mwezi wa nne tulikuwa kwenye maombi na Nyanya na Babu kupitia tableti. Babu alikuwa akiimba. Ruta ikajizima kupokea programu mpya. Picha ikaganda, mdomo wa Babu wazi. Iliporudi, kiti kilikuwa kitupu na watu wanalia.

Nyanya anaamini kifo kilipita kwenye ule mwanya. Mwezi wa saba stima ilipotea kwao, taa zikazimika, picha ikakatika, presha yake ikapanda, akalazwa. Daktari alisema asishtuliwe tena.

Bado namwona Babu na ule mdomo. Hasa nikipiga mswaki. Sijui kwa nini pale.

Jumatano, 8 Oktoba

Mama anataka tumwambie Nyanya kabla. Baba hataki; anasema atakaa akiusubiri huo mwanya.

Nimemwendea jirani yetu Mtanzania, Anko Salehe. Kazi yake ni kutunza mitambo ya intaneti. Amecheka.

"Ninyi Wakenya mna haraka! Kwetu hatuzimi kitu, binti. Tunawahamishia watu kwenye mtambo wa pili. Wakishatulia, ndipo tunaugusa wa kwanza."

Nimemwelewa. Nina tumaini kidogo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jaribio. Anko ameleta simu yake, inayotumia mtandao wa simu, si ruta yetu. Ameiingiza kwenye mazungumzo yaleyale, tableti ikiwa bado hewani.

Sauti ya Nyanya ikatoka mara mbili. Ya pili ilichelewa, kama mtu aliyejificha nyuma ya sofa anarudia maneno yake. Nywele zilinisimama. Nyanya naye alisikia sauti yake ikimrudia. "Nani huyo ananiiga?" Shangazi, anayekaa naye, alimtuliza.

Tulisahau kunyamazisha kifaa kimoja. Kosa la kijinga. Nimepita mbali na sofa jioni nzima.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mtihani wa hesabu. Sikumbuki nilichojibu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumeiweka programu asubuhi; kwao ni jioni. Simu ya Anko iliingia kimya. Nikanyamazisha tableti, nikafungua sauti ya simu. Nyanya akatuona mara mbili.

"Leo mmejaa!"

"Tumezaana, Bibi," Anko akamjibu. Alicheka mpaka akakohoa.

Mama akamshika na habari za kuku wake. Nikabonyeza ili ruta ipokee programu. Taa ya ruta ikazimika. Tableti ikaganda, uso wa Nyanya ndani yake, mdomo wazi.

Nikageukia simu. Humo alikuwa akiendelea, akimtukana jogoo wa jirani. Nyuso mbili za mtu mmoja, mmoja umesimama. Nililaza tableti kifudifudi.

Taa zikarudi. Tukamrudisha kwenye tableti, kisha tukaitoa simu. Hakugundua lolote.

Mama alilia jikoni.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya kanisa nimemwambia Nyanya. Baba alinikonyeza ninyamaze, nimeshindwa. Nimemweleza kwamba ruta ilizimwa jana, yeye akiwa anamsema jogoo.

Alisogeza uso karibu na kamera. Kisha akauliza kama sote tupo. Baba akasogea mbele ya picha, halafu Mama, halafu mimi. Alitutazama mmoja mmoja.

"Nilidhani nikiwapoteza machoni tu, kifo kitamchukua mmoja wenu. Sijalala vizuri tangu mzee aende."

Kumbe. Sisi tulidhani tunamlinda yeye.

"Basi, mama," akaniambia, "wacha nilale."

Akanyoosha mkono, akaifunga picha mwenyewe.

Skrini ni nyeusi. Friji inanguruma; sikuwahi kuisikia. Nimeogopa, nikaushika mkono wa Mama, naye hakuuondoa. Baba amechukua simu ampigie Shangazi, kisha ameirudisha mezani.

Kwao ni usiku. Tumemwacha alale.