Katuni Yako Imemfanya Mama Mwongo

Mdogo wangu mpendwa,

Hilo neno "mpendwa" limetoka kwa mazoea tu ya kuandika barua, usilishikilie sana. Nakuandikia hadharani kwa sababu na wewe ulituanika hadharani, na kwa sababu simu zangu huzipokei tangu nilipokuambia kwamba nimekitazama kipindi chako. Wewe uko Dar es Salaam, mnachora katuni na wenzako na kupongezana. Sisi huku Kabeza, ng'ambo ya mpaka, ndio tunaoishi na hiyo katuni.

Wapo watakaosoma barua hii na hawakujui, kwa hiyo nitakukumbusha mambo unayoyajua vizuri.

Tuliitazama Jumapili baada ya misa. Mama alishasikia kwamba safari hii ile familia yako ya kuchekesha itakuwa na nyumba inayofanana na yetu. Basi akakaanga maandazi, akachemsha chai ya maziwa, akawaita majirani wawili, akavaa kitenge chake cha sherehe. Kitenge cha sherehe, kwa ajili ya kukaa mbele ya televisheni! Lilipotokea geti letu la kijani, alipiga makofi. Alipotokea yule mama mnene mwenye pengo la jino la mbele, jirani mmoja akaruka kwenye kiti: "Ni wewe kabisa! Hata meno iko vile vile!" Mama akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye na nilimwona alivyouziba mdomo wake kwa mkono.

Kisha kisa kikaanza. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima uko kwenye umuganda, ile kazi ya lazima ya kila mwezi, watu wanafyeka majani na kuzibua mitaro. Yule mama wa katuni anamwambia mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, kwamba mwanawe ni mgonjwa, "iko na malaria mbaya sana," huku macho yakimzunguka kichwani. Kazi ikiisha, majirani wanakuja kumjulia hali mgonjwa, wamebeba maziwa mgando na mananasi. Wanamkuta mtoto wa miaka kumi, mzima wa afya, anawachora ukutani kwa mkaa. Wote wanacheka hadi wanaanguka. Mkuu wa mudugudu anampa mtoto kopo la rangi apambe ukuta wa ofisi. Halafu babu, kama ilivyo desturi ya kipindi chako, anakaa kwenye kiti chake na kutoa funzo. Anamwambia mama kwamba njia ya mwongo ni fupi. Anamwambia mtoto kwamba kipaji hakifichiki. Anawaambia wote kwamba familia ni ngao, tufichiane aibu. Mafunzo matatu kwa pumzi moja, na kila moja linampiga teke mwenzake. Kama familia inapaswa kufichiana aibu, basi mama amekosa nini? Kama uongo ni mbaya, mbona aliyefaidika nao amepewa kopo la rangi?

Na babu gani huyo? Sisi babu tulimzika Karagwe kabla hujaota meno.

Lakini ngoja nikuambie kilichonichoma zaidi, na ambacho Mnyarwanda yeyote angekiona mara moja kama angeacha kucheka. Mtoto wa miaka kumi nani anamwita umuganda? Mtoto wa miaka kumi hatafutwi na mtu, hahitaji kuombewa ruhusa wala kusingiziwa malaria. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ulikuwa na ndevu. Ulirudi alfajiri kutoka harusini Kicukiro, viatu mkononi, ukamshika Mama kitenge pale mlangoni, jembe liko begani kwake, ukamwambia, "Mama niokoe, siwezi hata kusimama. Waambie naumwa." Nilikuwa uani nikinawa uso, nilisikia neno kwa neno. Mama akasema, "Nenda kalale, mwana wanjye." Ndivyo alivyokuwa akituita sote, mwanangu kwa Kinyarwanda, hata alipotuchapa.

Umejipunguzia umri ili upendeze. Haya, kila mtu anapenda kupendeza. Ila ulipojifanya mtoto mdogo, ulimwondolea Mama sababu ya kudanganya. Kwenye katuni yako ni mwanamke anayedanganya majirani bure, kwa sababu ndivyo alivyo. Aliyeomba uongo ule hayumo kabisa. Asante ya punda ni mateke, nilikuwa naisikia tu, sasa nimeiona kwa macho yangu na muziki juu yake.

Wala majirani hawakucheka siku ile. Unakumbuka? Au umeshaichora upya mpaka kichwani? Badala ya kulala, uliokota mkaa ukamchora mkuu wa mudugudu na tumbo lake, ukawachora kina mama wameinama, makalio juu. Wale watu walitoka mtaroni na matope miguuni, wamechangishana maziwa ya mgonjwa, wakajikuta ukutani. Aliyeshika chombo cha maziwa alikiweka kizingitini taratibu, wakaondoka. Mama alisugua ukuta ule peke yake mpaka vidole vikachubuka. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa baada ya umuganda, alisimama mbele ya mtaa mzima akaomba msamaha. Wewe ulikuwa umekwenda kuangalia mpira.

Najua utasema ni vichekesho tu, dada huna utani. Mkuki kwa nguruwe huo. Mbona hujajichora wewe unavyokoroma, au ulivyolia nilipokunyoa vibaya siku ya kipaimara? Vichekesho vyako vyote vimevaa kitenge cha Mama.

Na utani ninao, sana. Nani alikuwa anakushikia taa umeme ulipokatika ili umalizie kuchora? Ulinichorea ng'ombe nyuma ya choo, wanene, pembe ndefu, ukasema hao ndio ng'ombe wa mahari yangu na hutakubali pungufu. Siku ya gusaba yangu, wazee wa pande mbili walipokuwa wakitupiana maneno na kubishana kwa mzaha juu ya posa, ulisimama ukawaambia wale ng'ombe waliowaleta ni wembamba kuliko wa kwako. Nyumba nzima ilicheka, na Mama ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Nilikupenda siku ile. Inanikera kwamba mkono ule ule ndio uliofanya hiki kingine.

Sasa sikiliza kinachotokea huku. Watoto wa mtaa wetu wanamwita Mama Malaria. Akipita karibu na maduka, wanazungusha macho na kupiga kelele, "Iko na malaria mbaya!" Hawana ubaya, wanarudia walichokiona kwenye simu za wazazi wao. Mama hapiti tena njia ile. Akitaka mkate anamtuma binti yangu. Na binti yangu, mwenye miaka minane, alimuuliza wakiwa wanachambua maharage: "Bibi, kwa nini wewe ulikuwa mwongo?" Mama alisema, "Zamani, mjukuu wangu. Siku hizi nimeacha." Akaendelea kuchambua. Mimi nilitoka nje nikakupigia, na hukupokea.

Nilikuwa sijaamua kuandika barua hii mpaka umuganda uliopita. Mama amepita umri wa kulazimishwa lakini bado anakwenda, anasema mgongo unamuuma zaidi akikaa. Tulizibua mtaro, kisha tukakaa kwenye majani kwa mkutano. Mkuu wa mudugudu ni yule yule, ila tumbo limepungua kwa sababu ya sukari. Alipouliza kama kuna mengineyo, mama mmoja alinyoosha mkono. Sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Sisi yote tumejiona kwenye ile katuni. Inatukumbusha mambo mbaya. Mimi nauliza Mama, huyu mtoto yako, alikuomba ruhusa ya kukuonyesha watu vile?"

Nilifurahi, sikufichi. Nikasema moyoni, sasa ukweli utasemwa mahali pale pale ulipofichwa, na jina lako litajulikana lilivyo. Hujampigia Mama simu tangu mwaka mpya, na hata siku hiyo ulizungumza na mimi ukasema "msalimie".

Mama alisimama. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaweka sauti yake ya kanisani.

"Aliniomba," alisema. "Alinipigia simu, akanisomea yote, mwanzo mpaka mwisho. Tulicheka sana. Nikamwambia, mwana wanjye, andika."

Wakampigia makofi. Mkuu wa mudugudu akasema basi, kama mwenyewe alikubali hakuna neno, tufunge mkutano. Mimi nilibaki nimeshika jembe, siwezi kumkanusha mama yangu mbele ya watu. Njiani nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anatembea polepole, ananitegemea begani.

"Wangemsema vibaya," alisema. "Na yeye hayupo ajitetee."

Basi umeona. Umeiambia dunia nzima kwamba Mama ni mwongo, umemkalisha chini ya babu wa karatasi apewe somo, naye katoka hapo kwenda kukudanganyia tena, mbele ya watu wale wale, kwa uso mkavu, mwanamke wa miaka sitini na saba anayepokea komunyo kila Jumapili. Safari hii hata hukumwomba.

Sitaki uifute katuni, imeshatazamwa, kuifuta ni kuosha mikono tu. Sitaki pia umpigie simu na kulia, kwa sababu ataanza kukubembeleza wewe. Nataka uje. Kutoka uwanja wa ndege wa huku hadi Kabeza unafika hata kwa miguu, huna kisingizio. Njoo Ijumaa, ulale mapema, Jumamosi ya mwisho ushike jembe uingie mtaroni na wenzako. Mkuu akiuliza mengineyo, simama. Sema ulikuwa na miaka kumi na tisa na ndiwe uliyemwomba akudanganyie. Sema hukumwomba ruhusa. Kisha ukae chini, na tafadhali, usiongeze funzo.

Kwaheri kwa sasa. Mama anakusalimu, hajui ninachoandika.

Ni mimi dada yako,
ambaye hatakudanganyia.