Mama Mkwe Alikaa Njia ya Chooni

Kwako Bi Stara wa ukurasa wa ushauri,

Naomba msaada wako, lakini nakuambia mapema kwamba sikuandikii ili unitume hospitali, maana wa kunituma huko wamejaa nyumbani kwangu, na majina ya humu nimeyageuza yote, usijisumbue kututafuta. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo, nina wajukuu, na sijawahi kulazwa hata siku moja. Tangu mavuno yaliyopita mkojo umekuwa ukinisumbua kidogo, nikienda nasimama sana, halafu unatoka kwa kinyongo, na baada ya muda mfupi nataka tena, nikasema ni uzee na baridi, nikapunguza kunywa maji, basi. Mke wangu Generosa hakukubali. Alinisema asubuhi na jioni mpaka nikakubali kwenda Dodoma mjini, kwenye hospitali moja ya mtu binafsi, hizi zilizoanza kufunguliwa siku hizi baada ya serikali kuruhusu, ambako wana ile mashine ya ultrasaundi inayotazama tumboni na kuonyesha kwenye televisheni.

Sasa sikia. Daktari Abdulrazaki, kijana mwenye adabu, shikamoo kwanza, akanieleza kwamba nitakunywa maji mpaka kibofu kijae, atanipaka mafuta ya baridi chini ya kitovu anipime, kisha niende chooni nikojoe nimalize kabisa, nirudi anipime tena aone umebaki kiasi gani. Nikasema rahisi hiyo. Nikanywa, nikapimwa mara ya kwanza, nikatoka kwenda chooni, na lo! kwenye benchi la wajawazito, ubavuni kabisa mwa mlango wa choo, nani amekaa? Mama mkwe wangu! Ametoka Chamwino kumleta shemeji yangu Evelina, ambaye ni mjamzito. Bi Stara, wewe ni mtu wa mjini, labda hujui, ila kwetu Wagogo mkwe hupiti mbele yake hivi hivi, ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite, leo nimpite nikakojoe naye anasikia? Choo chenyewe mlango wa bati! Yeye aliponiona akajifunika khanga usoni akageukia ukutani, na mimi nikageuka, nikazunguka nyuma ya jengo, nikasimama kwenye tangi la maji bila kufanya lolote, kisha nikarudi kwa daktari nikamwambia, "Tayari, nimemaliza."

Akanipima. Uso ukambadilika. Akasema, "Mzee, mkojo umebaki karibu wote. Hiki kibofu hakijimwagi. Inabidi uwekewe mpira wa kutolea mkojo, tena leo, halafu nikuandikie uende hospitali kubwa wakaangalie tezi dume, maana ikivimba huziba njia ya mkojo." Generosa, aliyekuwa amekaa humo chumbani tangu mwanzo, akaanza kulia pale pale. Na mimi ningesema nini, kwamba nimemdanganya daktari kwa sababu mama yake yuko nje? Nikakataa mpira, nikavaa shati langu, nikaondoka. Tuliposhuka Hombolo nikajitenga nyuma ya kichaka nikojoe kwa raha zangu, lakini mshtuko wa kumwona mkwe ulikuwa haujaniisha, maana nilisimama pale mpaka ng'ombe wote wa jirani yangu Kefa wakapita, nikapata matone tu, na tumbo bado zito.

Sasa shemeji zangu wamekuja, mchungaji amekuja, Generosa ameshafungasha nguo zangu. Nimewaambia siendi, ng'o, labda wanibebe kwenye jeneza! Ugonjwa huo nimeuzua mwenyewe, kwa nini niingizwe mpira? Nipe maneno ya kumnyamazisha mke wangu bila kumtaja mama yake.

Mwanamume Mzima,
Hombolo

BI STARA ANAJIBU:

Mwanamume Mzima, shikamoo. Nimetanguliza heshima kwa sababu nikimaliza huenda usiione.

Maneno ya kumnyamazisha Generosa sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Halafu usinifundishe mambo ya mkwe. Babu zangu walikuja hapa na misafara ya biashara, lakini mimi nimezaliwa Dodoma, nimelelewa ukuta kwa ukuta na Wagogo. Nami nakuuliza: yule mama alipojifunika khanga akageukia ukutani, alikuwa anasikia baridi? Alikuwa anakupisha, bwana! Hospitalini hakuna pori la kuingia, kwa hiyo akajitengenezea pori kwa khanga yake. Mtu mzima amekufungulia njia, wewe ukakimbilia kwenye tangi la maji.

Jambo moja nakuunga mkono. Kipimo kile ni bure. Daktari alipima kibofu ambacho hakuna aliyekimwaga, na mtu asitibiwe kwa picha hiyo. Hapo kataa, na mimi nitakataa pamoja nawe.

Ila hebu niambie, ulipokuwa kichakani mama mkwe alikuwa wapi? Ulimwacha mjini, kwenye benchi. Kichakani hapakuwa na daktari wala mlango wa bati. Palikuwa na ng'ombe wa Kefa, na ng'ombe si wakwe zako. Ukasimama mpaka kundi zima likapita, ukapata matone, tumbo likabaki zito. Umeyaandika kwa mkono wako mwenyewe, mimi nimesoma tu. Unajiona umemdanganya daktari, kumbe huenda uongo wako umesema kweli. Unaogopa, mzee wangu. Kuogopa si aibu, ila usimsingizie mama wa watu.

Kwa hiyo gazeti hili likikufikia, panda gari siku hiyo hiyo urudi kwa Daktari Abdulrazaki. Kabla hajakugusa mwambie, "Siku ile sikwenda chooni." Hatakula nyama yako. Ukiona haya ya mlango wa bati, omba chombo na pazia, manesi wanavyo. Upimwe upya, kwa haki. Ikionekana kibofu kinajimwaga, mwite mchungaji mfanye sala ya shukrani. Ikionekana hakijimwagi, weka huo mpira na uende kwenye hospitali kubwa, kwa sababu mkojo unaobaki ndani unaharibu figo, na figo hazijui Mgogo wala Mswahili. Na huko kujinyima maji uache, hakujamfungua mtu mkojo. Mkojo ukikata kabisa, tumbo likavimba na kuuma, usingoje kipimo wala kesho, kimbilia hospitali iliyo karibu.

Generosa mwambie wewe mwenyewe, mkiwa wawili. Atacheka, kisha atakusema. Vumilia, umeyataka.

Na ukimkuta tena mama mkwe kwenye lile benchi, usihangaike. Alikupisha siku ile, atakupisha tena. Pita ukakojoe.